Siyo uvivu na siyo nyota: tuongee ukweli kuhusu bahati kwenye biashara

Leo siji na mbinu ya kupiga picha, wala ya kumjibu mteja anayeuliza bei halafu anapotea. Leo nina hoja, na najua wapo watakaonipinga. Karibuni.

Kuna maneno yanazunguka sana kwenye kurasa za biashara. "Umasikini ni uamuzi." "Kama hujafanikiwa, hujajituma." Upande wa pili wapo wanaosema fulani ana nyota, fulani kaenda kwa mganga, na wao hela yao inaibiwa na chuma ulete. Makundi haya mawili yanabishana kila siku, lakini kuna kitu kimoja wanakubaliana bila kujua. Wote wanaamini matokeo ya biashara yanaonyesha wewe ni mtu wa namna gani. Ukipata, wewe ni mchapakazi au una nyota. Ukikosa, wewe ni mvivu au una mkosi.

Mimi sikubaliani na wote. Sehemu kubwa ya kupata na kukosa kwetu ni bahati ya kawaida, kama ya kurusha shilingi. Na tukilikubali hilo tutafanya biashara kwa akili zaidi, tena tutatendeana haki. Nianze na hesabu, maana maneno matupu hayalipi kodi ya frem.

HESABU YA MABALO MAWILI

Nauza magauni ya mtumba Mbagala, nusu dukani, nusu WhatsApp na Instagram. Miaka miwili iliyopita nilienda kuchukua mzigo pamoja na dada mmoja wa frem ya jirani. Tukachukua mabalo mawili ya magauni, kilo 45 kila moja, gredi ile ile, kwa muuzaji yule yule, bei ile ile ya 450,000. Mwenye mtumba anajua habari yake: balo halifunguliwi kabla hujalipa. Unalipa, unabeba, unakata kamba huku moyo unadunda.

Balo langu lilitoa magauni 40 makali, nikayauza 10,000 kila moja. Hayo ni 400,000. Ya kati yalikuwa 80, nikauza 4,000, ni 320,000. Yaliyobaki 60 nikamwaga chini kwa buku buku, 60,000. Jumla 780,000. Toa mtaji, nimebaki na 330,000 kabla ya nauli na kodi.

Balo la dada lilitoa makali 15 tu, 150,000. Ya kati 60 kwa 3,000, ni 180,000. Zaidi ya nusu ya balo, yaani magauni 100, yalikuwa yamechanika au yana madoa, akayatoa kwa 500, ni 50,000. Jumla 380,000. Amepoteza 70,000 kabla hajalipa hata bodaboda.

Sasa nisikilizeni. Huyu dada ananizidi kwa kazi. Yupo kwenye mtumba tangu mimi niko shule. Anapiga pasi kila gauni, anapima kifua na urefu, anajibu wateja mpaka saa sita usiku. Kama jasho ndilo lingeamua, mwezi ule mimi ningekuwa nyuma yake.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Mimi nilirudi kwenye mzigo na 780,000 mkononi. Yeye alikuwa na 380,000, haitoshi hata balo moja, na watoto wanakula kila siku. Akachukua mkopo wa kausha damu, laki moja, arudishe 5,000 kila siku kwa siku 26. Piga hesabu mwenyewe: 130,000. Kwa hiyo mzunguko wa pili, magauni yale yale ninayoyanunua mimi, yeye anayanunua kwa bei ya juu kwa sababu ya riba. Mimi kwa kuwa nina taslimu, muuzaji ananipigia simu mzigo ukishuka. Mzunguko wa tatu, mteja akichungulia anaona kwangu nguo zimejaa, kwake zimepwaya, anaingia kwangu.

Mtu akipita pale baada ya mwaka mmoja ataona maduka mawili, moja limechangamka na moja linasinzia. Atasema nini? "Huyu anajituma, yule amelala." Hatajua kwamba yote yalianzia kwenye kamba mbili zilizokatwa siku moja.

Dada mwenyewe aliniambia, "Mdogo wangu, wewe una nyota ya biashara." Nikamjibu, "Dada, mimi nimepata balo zuri tu. Hata wewe ungelichukua lile la kushoto, leo tungekuwa tunaongea mengine."

HATA LAIKI ZINA BAHATI YAKE

Utasema hiyo ni mtumba, mimi nauza vipodozi au viatu vipya, mzigo wangu naujua. Sawa. Na wateja wako je?

Kuna jaribio moja nalipenda sana. Mwaka 2006 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walitoa matokeo yake kwenye jarida la Science. Walichukua nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakaziweka kwenye tovuti, na watu zaidi ya 14,000 wakaja kusikiliza na kupakua bure. Ila waliwagawa. Kundi moja halikuona wengine wamepakua nini, kila mtu alichagua kwa masikio yake. Waliobaki waliwekwa kwenye vyumba 8, tuviite hivyo. Kila chumba kiliona idadi ya waliopakua kila wimbo, lakini ndani ya chumba chake tu.

Kama ubora ndio unaoamua peke yake, vyumba vyote 8 vingetoa mshindi mmoja. Haikuwa hivyo. Kuna wimbo ambao kwa masikio ya watu wasioona idadi ulishika nafasi ya 26, yaani wa katikati kabisa. Kwenye chumba kimoja ukawa wa kwanza. Kwenye chumba kingine ukawa wa 40. Wimbo ule ule, waimbaji wale wale. Tofauti ilitokana na nani walioanza kuupakua, halafu wengine wakafuata mkumbo.

Hiyo si ndiyo mitandao yetu? Unaposti mkoba saa mbili usiku, watu 20 wa kwanza wanabonyeza laiki, Instagram inausukuma kwa wengine, wakiona laiki nyingi na wao wanabonyeza. Mwenzako anaposti mkoba ule ule, kutoka kontena lile lile, wale 20 wa kwanza wapo kwenye daladala bando limekata. Posti imekufa. Kesho yake tunamuita wa kwanza tumuulize siri ya mafanikio, na yeye kwa nia njema kabisa anatupa siri kumi.

Lakini jaribio lile lina upande wa pili, na hapa nawaomba msiniruke. Nyimbo nzuri kabisa zilikuwa nadra kuanguka vibaya, na nyimbo mbovu kabisa zilikuwa nadra kupanda juu. Kwa hiyo ubora una kazi yake. Unakutoa kwenye kundi la wasioweza kushinda na kukuingiza kwenye kundi la wanaoweza. Ukishakuwa humo ndani, nani anatoka wa kwanza, hapo shilingi inarushwa.

"UNAWAVUNJA MOYO VIJANA"

Hili nimeshaambiwa zaidi ya mara moja. Kwamba nikisema bahati, watu watakaa nyumbani kusubiri bahati.

Naona ni kinyume chake. Kijana aliyeambiwa kwamba kila kitu ni juhudi, akianguka mara moja anajiona yeye ndiye tatizo. Anafunga ukurasa, anauza simu, anasema biashara si fungu langu. Kijana anayejua kuna bahati ndani yake, akianguka anauliza maswali mawili: nini kilikuwa kosa langu, na nini kilikuwa nje ya uwezo wangu? Cha kwanza anarekebisha. Cha pili anajaribu tena, ila safari hii kwa kiasi kidogo asije akafilisika kabla bahati haijamkuta.

Balo lisilonunuliwa halifunguliwi. Posti isiyowekwa haipati laiki. Asiyekuwepo na lake halipo. Kwa hiyo hakuna anayesema tulale. Ninachosema ni kwamba usimpime mwenzako utu wake kwa mauzo yake ya miezi mitatu, na usijipime wewe.

Na kwa wale ambao yamewanyookea, mimi nikiwemo: usiufanye ushuhuda wako kuwa sheria ya watu wote. Ukianza biashara huku unakaa kwa wazazi, hulipi pango, chakula kipo mezani, balo bovu kwako ni hasira za siku mbili. Kwa mwenye watoto na pango, balo hilo hilo ni mwisho wa biashara. Wote mmejituma, lakini mmoja anaruhusiwa kukosea mara tano na mwenzake hata mara moja haruhusiwi. Ukiona vyaelea vimeundwa, sawa, lakini na mbao zilitoka kwa mtu.

BAHATI NI KITU KIMOJA, DHULUMA NI KINGINE

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Wengine wakisikia habari ya haki wanafikiri nataka wote tupate sawa. Hapana. Wengine wakiona tajiri wanasema lazima ameiba. Hapana pia. Tutenganishe vitu vitatu: jasho, bahati na dhuluma.

Usiku wa 10 Julai 2021 Soko la Kariakoo liliungua. Tarehe 16 Januari 2022 ikaungua Karume, pale Ilala. Kuna watu walilala na mtaji wakaamka hawana, na waliokuwa mitaa ya pembeni wakaendelea kuuza. Kwa aliyepoteza meza siku ile, huo haukuwa uvivu wala mkosi wa ukoo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa saa sita hivi. Aliyekuwa na oda jioni ile na hana namba ya mteja pembeni, oda ilikwenda. Hii yote ni bahati mbaya, haichagui mchapakazi wala mzembe.

Dhuluma ni tofauti kwa sababu ina mwenyewe. Muuzaji anayefungua balo usiku, anatoa makali, anafunga tena kamba na kukuuzia kama zima, huyo hajakupa bahati mbaya, amekuibia. Anayechukua picha zako, anafuta jina lako, anapokea hela za wateja na kuwazima simu, naye ni mwizi. Na tuseme ukweli, zipo na za kwetu sisi wadogo: kumwachia bodaboda hasara ya nauli pale mteja anapokataa mzigo, au kununua wafuasi elfu kumi wa uongo ili mteja mgeni aamini duka ni kubwa. Kumbuka lile jaribio la nyimbo. Watu wanafuata idadi. Ukichezea idadi, umemnyang'anya mwenzako zamu yake ya kuonekana.

Dhuluma inaweza kukaa hata kwenye utaratibu wenyewe, na utaratibu unaweza kubishaniwa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kukutana nao Mnazi Mmoja. Uwe uliwaunga mkono au hukuwaunga, cha kujifunza ni hiki: waliona kero yao ina mwenyewe, wakaenda kwa mwenyewe. Hawakusema ni mkosi, wala hawakuambiana wajitume zaidi.

Kwa hiyo ukikwama jiulize: hili ni kosa langu, ni bahati, au ni dhuluma? Kosa linarekebishwa. Dhuluma inapigiwa kelele. Na bahati je?

PANGENI KABLA YA KUKATA KAMBA

Bahati inagawanywa. Hili ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo.

Rudi kwenye yale mabalo mawili. Tuseme siku ile, kabla hatujakata kamba, mimi na dada tungekubaliana: tunafungua yote, tunagawana nusu kwa nusu, gauni moja kwako, moja kwangu. Mauzo yote mawili ni 780,000 na 380,000, jumla 1,160,000. Kila mtu angetoka na 580,000. Toa mtaji 450,000, faida ni 130,000 kila mmoja. Hakuna anayelia, hakuna anayeenda kausha damu, na wote tunarudi kwenye mzigo pamoja.

Utaniambia, lakini wewe ungepoteza laki mbili! Kweli, ukihesabu baada ya kamba kukatwa. Kabla ya kukatwa, nilikuwa najuaje kwamba lile bovu si langu? Hakuna aliyejua. Na ukikaa na watu wawili wasiojua balo lipi ni lipi, ukawauliza utaratibu gani ni wa haki, wengi watachagua kugawana. Tatizo linaanza balo likishafunguka. Aliyepata zuri ghafla anakumbuka kwamba yeye anajituma.

Hiki ndicho kipimo changu cha haki kwenye biashara. Utaratibu wa haki ni ule ambao ungeukubali ukiwa bado hujui balo lako lina nini.

Na angalia, kugawana huku hakuui juhudi. Tunagawana mzigo, hatugawani kazi. Nusu yangu nauza mwenyewe, nusu yake anauza mwenyewe. Anayepiga pasi, anayepiga picha nzuri, anayejibu wateja kwa heshima, atauza 12,000 gauni ambalo mwenzake anauza 9,000, na ile tofauti ni yake halali. Hapo sasa ukiniambia fulani kanizidi kwa kujituma, nitakubali, maana tumeanza na mzigo mmoja.

Sasa hivi mimi na dada na mwingine wa tatu ndivyo tunavyofanya. Kuna miezi naona kabisa ningetoka na zaidi nikiwa peke yangu. Kuna miezi wamenibeba. Mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyefunga frem.

Wazo hili si langu, mama zetu wamelijua muda mrefu kwenye vikoba. Hata mkopo wa halmashauri ni balo la kugawana. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iende kwenye vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukarudi mwaka 2024. Una kasoro zake, malalamiko ya kujuana nimeyasikia kama nyinyi. Lakini msingi wake ni sahihi: aliyepata balo zuri anachangia, aliyepata bovu anapewa nafasi ya kukata kamba nyingine bila kunyonywa damu. Kama kuna wanaopendelewa, hiyo ni dhuluma, tuipigie kelele. Tusiutupe utaratibu mzima.

CHA KUFANYA WIKI HII

1. Tafuta mwenzako mmoja au wawili mnaouza bidhaa moja na mnaoaminiana. Mzigo ujao nunueni pamoja, mgawane kipande kwa kipande. Kubalianeni kabla ya kulipa, muandike hata kwenye meseji.

2. Usiweke mtaji wote kwenye mzigo mmoja. Kama una 500,000, bora uchukue nusu balo mara mbili kuliko balo zima mara moja. Unataka kubaki mchezoni mpaka bahati ikukute.

3. Andika namba za wateja wako kwenye daftari. Ukurasa ni wa kampuni ya watu, daftari ni lako.

4. Mwezi ukienda vizuri, tenga kitu kwa ajili ya balo bovu linalokuja, maana linakuja. Mwenye akiba ya laki moja hana shida na kausha damu.

5. Bidhaa ikigoma, usiifute siku ya kwanza. Iposti tena siku nyingine, saa nyingine, kwa picha nyingine. Inawezekana wale 20 wa kwanza walikuwa kwenye daladala.

6. Mwenzako akifunga duka, kabla hujakomenti "hakuwa siriasi", muulize balo lake lilikuwa na nini.

Najua wapo humu wameanza na sifuri kabisa, bila mtu kuwashika mkono, na wataona nimewavunjia heshima. Sijawavunjia. Jasho lenu ni halali na nalivulia kofia. Naomba tu mkumbuke kuna mtu alitoa jasho kiasi hicho hicho, na leo hayupo humu kusoma hii posti kwa sababu mtaji ulikata kabla ya zamu yake kufika.

Haya, uwanja wenu. Je, ungekubali kugawana balo kabla halijafunguliwa? Na kama umewahi kununua mzigo kwa pamoja, mlikubaliana vipi na nini kiliwagombanisha? Andika hapo chini, wengine wajifunze kwako. Ukiona ina maana, mtumie mwenzako mmoja ambaye mwezi huu umemwendea vibaya.